Machicha ya Dawa ya Mzee Wangwe

Mzee Wangwe walimkuta amelala chini kwa ile nyumba yake ya dawa, povu mdomoni, macho wazi, na amevaa koti nyeupe ya daktari. Koti yenyewe safi kabisa. Watu walishangaa koti kwanza, maiti baadaye.

Kando yake kulikuwa na kikombe ya bati, tupu. Kwa mafiga, moto umezima, nyungu ya dawa bado iko nusu.

Aliyemkuta ni msichana wake, Bhoke. Si msichana kwa umri, huyo ni mama ya watoto. Lakini aliachana na mume huko Isebania akarudi kwa baba, na ukirudi kwa baba unakuwa msichana tena, hata kama mvi imeanza. Siku iliyotangulia alishinda soko ya Migori na ndizi zake. Aliporudi jioni akaona mlango ya nyumba ya dawa imefungwa. Akasema mzee anapika, na mzee akipika hakuna mtu wa kumsumbua. Akalala. Asubuhi akapeleka uji.

Uji ilimwagika hapo mlangoni, na kelele ya Bhoke ikafika mpaka barabara ya lami.

Polisi walipofika walikuta watu wamejaa kwa lango, na si watu wa kulia. Watu wa mawe.

"Dawa yake imemrudia!" mama mmoja alikuwa anapiga kelele. Jina yake Nyasuguta, mama mnene, alimzika dada yake kabla ya mvua. "Alisema inaponya tumbo, sasa mwone! Dada yangu alikunywa hiyo hiyo!"

"Bhoke, toka nje! Leo hii boma inaungua!" mwingine akaongeza.

Aliyeshuka kwa gari ni Inspekta Bochaberi Okari. Mtu mfupi, unaweza kufikiri ni mwalimu wa nasari. Nyuma yake Konstabo Boaz, kijana mrefu, mikono mirefu zaidi.

"Ala! Wametuletea Mkisii!" mmoja akasema. "Madam, rudi kwenu ukachume majani chai!"

Watu wakacheka. Bochaberi akamtafuta na macho mpaka akampata.

"Majani nilichuma nikamaliza. Sasa nachuma watu. Wewe mwenye jiwe, jina lako nani?"

Jiwe ikaanguka. Jina haikutoka.

"Boaz, mtu akivuka hii lango, mfunge."

"Nimfunge na nini, madam? Pingu iko moja."

"Basi funga wa kwanza. Wa pili atafikiria."

Ndani, akaangalia mzee polepole. Mboni ya macho imekuwa ndogo kama tundu ya sindano. Akanusa kikombe, akarudisha kichwa nyuma.

"Huyu mzee wako alikuwa daktari?"

"Alikuwa mtu wa mitishamba," Bhoke akasema. "Koti alipewa na daktari wa Homa Bay, Ken Onyango. Yule anakuja kuchukua ile mizizi nyekundu ya baba, anapeleka laborata. Alisema maji yake inaua kansa ya tumbo."

"Inaua?"

"Kwa glasi. Sijui. Baba ndiye alikuwa anasimulia." Bhoke akamshika mkono, akamshika kwa nguvu. "Madam, nisikie. Ukiandika baba aliuawa na dawa yake, mimi hapa sina nyumba. Kila mtu aliyezika mtu wake atakuja na kiberiti. Si umewaona?"

Simu ya inspekta ikalia. Ni mkuu wa kituo.

"Okari, hiyo ni kesi gani? Mganga amekunywa dawa mbaya. Andika hivyo urudi."

"Nitaandika nikijua, afande."

"Ujue nini? Wewe kila maiti unataka ikusalimie."

Akakata simu. Bochaberi akaiweka mfukoni, uso haukubadilika hata kidogo. Wakisii wanaweza hiyo.

Boaz ndiye aliita. "Madam, njoo uone kuku."

Chini ya boma kidogo, njia inagawanyika. Moja inapanda kwenda lami, ile ya magari. Nyingine inashuka bondeni kwa boma za wafugaji. Hapo kwa njia ya lami, kuku watatu wamekufa, miguu juu. Katikati yao jani ya mgomba, na machicha nyekundu ya dawa imemwagika.

"Baba yako alimwaga hii?"

"Hapana!" Bhoke akashtuka. "Baba hamwagi. Anayemwaga ni mgonjwa."

"Eleza."

"Ukija, baba anachota kikombe moja tu. Anakunywa yeye kwanza, na si kuonja, anapiga funda kubwa mgonjwa aone haina kitu. Halafu wewe unakunywa. Ile machicha inabaki, unaweka kwa jani, unakuja nayo hapa njia panda, unamwaga kwa njia ile hutapita. Ugonjwa inaenda na njia hiyo, wewe unaenda na yako. Na usiangalie nyuma."

"Na mtu akimwaga kwa njia yake mwenyewe?"

"Nani atafanya hivyo? Aukanyage tena ugonjwa wake aupeleke nyumbani?"

Bochaberi akaangalia njia ya bondeni.

"Kwa hivyo jana kulikuwa na mgeni," akasema. "Mgeni alimwangalia mzee akinywa, yeye hakunywa. Akachukua machicha akamwaga kwa njia ya lami. Boaz, mgeni alienda wapi?"

"Bondeni, madam."

"Chukua vielelezo. Nyungu, kikombe, jani, kuku. Kila kitu na mfuko yake. Na hao kuku usiwape mtu."

"Nani atakula kuku wa hivyo?"

"Wewe nakujua."

Bondeni kulikuwa na boma chache tu, na yenye mgonjwa ilikuwa moja. Ya Gisiri. Alikuwa anaogesha ng'ombe, pampu mgongoni, gambuti miguuni. Aliona polisi na hakusimamisha pampu.

"Wewe ni Gisiri?"

"Umekuja kwangu, unakanyaga mavi ya ng'ombe zangu, halafu unaniuliza mimi ni nani?"

"Mke wako ako wapi?"

"Homa Bay. Hosipitali."

"Anaugua nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

Hapo pampu ikasimama. "Ile ya kuua. Unataka nini kingine, mama?"

"Alikuwa anakunywa dawa ya Wangwe?"

"Nani hapa hakunywa?"

"Jana ulikuwa kwa Wangwe?"

"Nifanye nini huko? Mimi si mgonjwa. Tangu mke wangu aende Homa Bay sijakanyaga kwa huyo mzee."

"Ulijua lini amekufa?"

"Leo asubuhi kama kila mtu. Bhoke alipiga kelele, hata viziwi walisikia." Akatema mate chini, karibu na kiatu ya inspekta. "Mkimaliza, fungeni lango. Ndama watatoka."

Boaz alikuwa anataka amfunge hapo hapo. Bochaberi akamwambia mtu mkali si mwuaji, angekuwa hivyo wangefunga kijiji yote, pamoja na mkuu wa kituo.

Maiti na vielelezo zilipelekwa Homa Bay, na majibu haikuja haraka. Hiyo vitu inachukua wakati. Na kabla majibu irudi, jikoni ya Bhoke ilikuwa imechomwa. Hakuna mtu aliona aliyechoma. Ukiuliza, kila mtu alikuwa kanisani, hata wale hawana kanisa.

Bhoke alihamisha sufuria zake kwa nyumba ya dawa akaendelea kupika humo humo. Alimpigia Bochaberi simu. "Madam, wamebakisha mahali pa kulala. Unangoja nini?"

"Nangoja Homa Bay."

"Homa Bay! Baba pia alikuwa anangoja Homa Bay."

Siku majibu ilikuwa tayari, Bochaberi na Boaz walienda wenyewe. Walipita Rongo, wakapita Rodi Kopany, ilikuwa siku ya soko na mbuzi wamejaa barabara, na mbuzi wa Rodi hawajui honi. Boaz akatukana mbuzi, mwenye mbuzi akamtukana Boaz kwa Kijaluo, na ilikuwa matusi nzuri zaidi.

Daktari wa kupasua maiti aliitwa Okemwa. Mzee wa maneno machache, labda kwa sababu wagonjwa wake hawaulizi.

"Sumu," akasema. "Dawa ya kupe, ya ng'ombe. Kwa tumbo ya marehemu iko. Kwa kikombe iko. Kwa jani iko. Kwa kuku iko."

"Na kwa nyungu?"

"Hakuna. Nyungu ni mizizi na maji tu."

"Kwa hivyo dawa yake haikumuua."

"Sumu ndiyo ilimuua. Sasa niache, kuna mwingine ananingoja."

"Huyo hana haraka, daktari."

Okemwa hakucheka.

Kutoka hapo walienda kwa Ken Onyango, kwa chuo anafanya kazi. Kijana wa miwani, meza imejaa chupa. Aliposikia polisi wa Migori, alisimama kama mtu anataka kupigana.

"Mimi sikumuua huyo mzee!"

"Nani amesema umemuua? Kaa chini. Mligombana?"

"Tuligombana, ndiyo! Nilimwambia mara ngapi awache kupatia watu hiyo dawa! Tunatoa kitu kwa hiyo mizizi, tunaweka kwa seli za kansa ya tumbo, kwa glasi, zinakufa. Basi! Hapo ndio tumefika. Hata chumvi ikiwa nyingi inaua seli kwa glasi. Hata moto inaua. Tumbo ya mtu si glasi. Hatujajaribu hata kwa panya vizuri. Labda kuna dawa hapo siku moja, labda hakuna."

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema, 'Omera, ndugu yangu, si umeona zimekufa?' Akaenda akatangazia watu eti imepimwa Homa Bay."

"Koti ulimpa ya nini?"

Ken akavua miwani akaifuta.

"Nimeuliza koti."

"Ya picha," akasema, sauti imeshuka. "Tulikuwa tunapiga picha ya mradi. Akaipenda. Nikamwachia."

"Mtu wa kijiji anaona mzee kwa koti ya daktari, anaambiwa imepimwa. Wewe ungekunywa ama hungekunywa?"

"Hiyo ni makosa kwa sheria gani, madam?"

"Hakuna sheria. Ndiyo maana nimeuliza tu."

Mwisho wakaenda wodi ya wanawake. Mke wa Gisiri anaitwa Mourine, mtu wa huko Rodi Kopany, ndio maana alilazwa upande huo, karibu na mama yake. Alikuwa amekonda mpaka shuka ilikuwa imelala kama kitanda haina mtu. Lakini macho ilikuwa kali.

"Polisi? Gisiri amefanya nini? Amepiga mtu?"

"Bado hatujui, mama. Hapa anakuja?"

"Anakuja. Alikuwa ananiletea dawa ya Mzee Wangwe kwa chupa ya soda, anaificha kwa koti. Hawa manesi wangeniona wangemwaga. Halafu akawacha."

"Aliwacha lini?"

"Hata hiyo siku mzee alikufa, alinipigia simu jioni. Jua lilikuwa bado. Nikamwambia, 'Baba Wangwe, kesho niletee ile kitu.'" Akatabasamu kidogo. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamempa jina la mzee. "Akasema nisingoje tena. Mzee amepumzika."

Boaz akaangalia inspekta. Inspekta hakumwangalia.

"Jioni. Una hakika?"

"Si nilikuwa nangoja chakula ya jioni? Kwani vibaya?"

"Hapana, mama. Na daktari wa hapa, mara ya kwanza, alikuambia nini?"

Mourine akageuza uso ukutani. "Alisema ni kidogo, wakate. Mimi naogopa kisu. Mzee akasema kisu ikigusa hiyo kitu itatawanyika, nikunywe yake, imepimwa. Tukarudi nyumbani." Akavuta pumzi. "Sasa wanasema imefika kwa ini. Ndio nataka ile dawa, unaona? Nikiipata kila siku bila kuruka. Niliruka, ndio ikakataa."

Bochaberi alimfunika shuka vizuri kabla ya kutoka.

Gisiri alikamatwa kwa birika ya kunyweshea ng'ombe. Alipigana. Boaz alipoteza vifungo mbili za shati, na Gisiri akapoteza jino. Kituoni wakamkalisha mbele ya inspekta, damu kwa kidevu, na alikataa kitambaa.

"Uliniambia ulijua asubuhi," Bochaberi akaanza.

"Ndiyo."

"Mke wako anasema ulimwambia jioni."

"Mke wangu ni mgonjwa. Mnaenda kusumbua mtu anakufa? Nyinyi ni watu kweli?"

"Simu yako itaonyesha. Ulimwambia mzee amepumzika. Nani alikuambia wewe?"

Gisiri akatema damu sakafuni.

"Bhoke alikuwa hajui. Kijiji ilikuwa haijui. Ni wawili tu walijua, Gisiri. Mmoja amekufa."

Gisiri akainamisha kichwa.

"Na mtu aliyetoka hapo alimwaga machicha njia ya lami, akashuka bondeni. Ukitaka kuua mtu, ua uende. Machicha ya nini?"

Hapo Gisiri akainua uso. Ni kama hiyo ndiyo swali alikuwa hajajiuliza.

"Nilikuwa nambebea," akasema.

"Unambebea nani?"

"Mourine. Kila siku, miezi yote hiyo. Anakunywa, anatapika, hana nguvu ya kutembea. Mimi ndiye nabeba jani. Mimi ndiye namwaga. Hiyo siku mkono ilifanya yenyewe. Nilifika nyumbani ndio nikaona iko na rangi."

Boaz alianza kuandika. Bochaberi akamsogezea Gisiri maji.

"Sema yote."

"Nilienda kumwuliza tu."

"Na dawa ya kupe mfukoni?"

"Nilikuwa nayo." Akafuta damu na mkono. "Nilimwambia tumbo inaniuma. Akafurahi, unajua? Akavaa koti. Akachota kikombe, akaenda nje kukata jani. Nikamimina. Aliporudi nikamwuliza, 'Mzee, hii inaponya?' Haki ya Mungu, madam, angesema hajui, ningepiga hiyo kikombe teke. Angesema tu hajui! Mourine amefika kwa ini. Mzee alikuwa anajua. Nilimwambia mimi mwenyewe. Nikamwuliza mara ya pili, 'Mzee, inaponya?' Akacheka. Akasema, 'Mura, kijana wangu, si imepimwa? Mke wako aliruka siku.' Halafu akachukua kikombe. Akasema leo inanuka vibaya. Nikamwambia ni yako, mzee. Akapiga funda ile kubwa."

"Na wewe?"

"Nikangoja. Halafu nikafunga mlango."

"Kwa nini hukwenda kwa polisi? Kwa chifu?"

"Nimshtaki nani? Hakutushika na panga. Daktari alisema akatwe, na Mourine alikuwa ananiangalia mimi. Mimi! Mimi ndiye nilisema twende nyumbani. Huyo mzee aliniposea mke. Alikuwa akisema kitu, kwangu ni baba amesema. Alimlaumu Mourine kwa kuruka siku. Yeye amelala pale ni mifupa, na bado ni makosa yake."

Boaz aliandika mpaka hapo. Gisiri akaweka sahihi bila kusomewa mara ya pili.

"Mourine mtamwambia?" akauliza.

"Atauliza kwa nini huji."

"Mwambieni nimepiga mtu. Hiyo ataamini."

Bhoke alikuwa anangoja kwa meza ya mbele. Alipoona inspekta anatoka, akasimama.

"Madam. Dawa ya baba iliua mtu ama haikuua?"

"Yeye haikumuua."

Bhoke akangoja maneno mengine. Bochaberi alikaa naye kwa benchi, akamwambia juu ya Gisiri, juu ya Mourine na kisu na ini. Hakumficha. Bhoke hakulia. Alifunga leso yake vizuri akaenda nyumbani kwa miguu.

Habari ilimpita njiani, maana habari ya Migori inapanda boda boda. Alikuta watu kwa lango, wamejaa kuliko ile siku ya kwanza. Vijana wamebeba nguzo na mabati, wameanza kusimamisha jikoni yake ile walichoma. Na kila mtu mzima ako na chupa.

Nyasuguta alikuwa mbele, na chupa mbili.

"Pole sana, dada," akasema, utamu umejaa mdomo. "Polisi wamesema dawa ni safi. Tulikosea. Sasa mizizi wewe unaijua, si ndiyo? Mama yangu pia imeanza, tumbo. Tupikie."

"Mpeleke hosipitali. Leo. Wakisema wakate, wakate."

"Unaninyima? Nilikosea, nimesema pole! Hii dawa inaponya ama haiponyi?"

Nguzo zikasimama kugongwa. Watu wote wakamwangalia Bhoke, na hawakuwa wanamwangalia vizuri.

"Sijui," Bhoke akasema.

"Hujui? Baba yako alikuwa anajua!"

"Hapana," Bhoke akasema. "Hata yeye hakujua."